Godoro la Dirisha la Kaskazini

Alhamisi. Mvua imenyesha asubuhi ikakatika, sasa kuna jua lile la kuchoma macho. Nimechoka na sina raha ya kuandika, lakini nikinyamaza nitalala nayo tumboni.

Mzee Sefu amefariki jana alasiri.

Nimeuguza wengi wakafa, na sijidanganyi kwamba nawalilia wote. Vita hii imetufundisha kugawa machozi kama tunavyogawa sabuni ya wodi. Lakini mzee huyu alinisumbua akiwa hai, na leo bado ananisumbua.

Alikuwa fundi wa magari, mtoto wa mtaa wa Buyenzi aliyehamia Carama, pembeni mwa mji, uzeeni apate pa kulima. Ini lilikuwa limekwisha, tumbo limejaa maji, kwingine mifupa mitupu. Daktari alisema hakuna la kufanya. Nalichukia neno hilo. La kufanya lipo: kumgeuza mgongo usioze, kumsafisha kinywa, kumlowesha midomo kwa pamba, kumshika mkono maumivu yakipanda, maana dawa kali ya maumivu hatuna tena.

Kazi hizo nyingi kwetu hufanywa na garde-malade, yaani ndugu anayekaa na mgonjwa akimlisha na kumwogesha. Wake alikuwa mkewe, Bi Zaina. Jumapili alikwenda nyumbani Carama kumletea kanzu safi, mapigano yakaanza, wanajeshi wakafunga njia. Basi nikawa mimi garde-malade wake, na wagonjwa wengine wakaninunia.

Alichotaka kilikuwa kimoja tu. Afe ameelekea Kibla.

Mimi ni mlokole wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, niliyekimbia vita yetu nikaja kuikuta yao. Nilichojua ni kwamba Waislamu huelekea mashariki. Nikazungusha kitanda, nikamlaza ubavu wa kulia akitazama milima, nikajisifu moyoni. Mzee kwa adabu zake akakaa hivyo asubuhi nzima. Aliyeniumbua ni Mama Hamisi, anayemuuguza mwanawe kitanda cha jirani. Aliingia, akashika kiuno.

“Dada, we unamupeleka milimani Ijenda? Maka iko kule.”

Hata mzee alicheka, kicheko cha pumzi tu. Lakini kule alikoonyesha ni kaskazini, na kaskazini ndiko liliko dirisha letu, na dirisha tumeliziba kwa godoro. Risasi za mtaa wa Kinama, kunakopiganwa, hupotea njia zikafika mpaka hapa. Moja iliwahi kuingia ikapasua chupa ya seramu, maji ya dripu, juu ya kichwa cha mtu. Tangu hapo mkuu wa wodi ametoa amri kwamba godoro halishuki.

Nikamgeuza tena, safari hii sawasawa. Akalitazama godoro lile la madoa, akalitazama sana, kisha akaniomba nilishushe. Nikamjibu kwamba Mungu anaona hata nyuma ya godoro.

“Mungu anaona,” akasema. “Mi ndio sioni. Bibi yangu iko upande ile.”

Carama nayo iko kaskazini. Sikuwa nimeliwaza hilo.

Nilikataa. Niliogopa risasi, na nilimwogopa mkuu wa wodi zaidi, kwa sababu mkimbizi akifukuzwa kazi hana pa kwenda kulalamika. Jumanne kutwa nilipita karibu na kitanda chake nikijifanya nina haraka. Niliona aibu, nikaendelea kupita.

Jana baada ya chakula cha mchana pumzi yake ilibadilika. Sisi wauguzi tunaijua pumzi ile. Inakwenda, unadhani haitarudi, inarudi. Nje milio ilikuwa imetulia. Nikasimama katikati ya wodi nikawaambia wagonjwa ninachotaka kufanya, na kelele zikazuka. Mzee mmoja wa kitanda cha kona akasema alikuja hapa kutafuta uzima, si kufia dini ya mtu. Alikuwa na haki. Nikasema anayeogopa tutamhamishia koridoni. Mama Hamisi hakungoja, akaanza kusukuma kitanda cha mwanawe. Wenye miguu wakajikokota, wengine tukawasukuma, na yule wa kona akadai asukumwe wa kwanza.

Kisha tukashusha godoro.

Nilikuwa nimesahau kwamba dirisha lile huingiza mwanga. Huko nje hakukuwa na cha ajabu, mabati, mgomba mmoja, moshi mbali upande wa Carama. Mzee akatazama. Mama Hamisi akainama sikioni mwake akamtamkia shahada polepole, na midomo yake ikafuata. Mimi nilimshika mkono. Ningependa kuandika kwamba niliomba, lakini nilikuwa nasikiliza kama kuna mlio. Pumzi ikaenda, na safari hii haikurudi.

Tulirudisha godoro haraka, lakini wodi ya wanaume haina siri. Mkuu wa wodi ameniita leo asubuhi akanipa onyo. Nikirudia, nafungasha.

Halafu njia ikafunguliwa, na Bi Zaina akafika na kanzu mkononi, imekunjwa vizuri. Kitanda kilikuwa na mtu mwingine. Watu wa msikiti wa Buyenzi walishamzika mumewe jana ile ile, kabla jua halijazama. Hakulia. Aliniuliza tu, alikuwa anatazama wapi. Nikamwambia Kibla, na Carama, akikutafuta wewe.

Hapo ndipo alipokaa sakafuni. Hakuwa Carama. Alitoka mbio na kanzu hiyo kwapani Jumapili ile ile, akazuiwa na wanajeshi mtaa wa Kigobe, akalala siku zote hizo kwenye ua wa watu, karibu nasi kabisa, akingoja kuruhusiwa kupita.

Nikamwambia Kigobe nayo iko upande ule. Ni kweli, na sikuwa na lingine la kumpa. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuikunjua kanzu na kuikunja.

Jioni nikiwa natoka, yule mzee wa kona akanishika gauni. Hali yake imebadilika tangu jana, na mwenyewe anajua. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kwao, Rumonge, ni upande gani.

Rumonge iko kusini. Kusini tuna ukuta.

Kesho nitabomoa nini?