Sura za Kuazima

Bagamoyo,
14 Mei 2024

Mwanangu Twalha,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute wewe, mkeo Wahida na mjukuu wangu mkiwa wazima. Sisi ni wazima, alhamdulillahi. Baba yako anakula, analala, anasali. Macho ndiyo vilevile. Daktari kasema presha ya macho ikishakula haitapiki.

Utashangaa mama anaandika barua na simu anayo. Simu nikipiga, baba yako yuko pembeni. Tangu macho yazime, masikio yake yamekuwa ya paka. Hata nikinong'ona uani anauliza nimesema nini. Kalamu haina sauti. Muzammil wa lori la nazi anapita hapa akirudi huko Pangani, nitampa yeye akuletee.

Nataka kukueleza jambo moja, usinicheke. Nimechoka na filamu.

Unazijua zile filamu nne za Kihindi za baba yako. Unajua pia kwamba Kihindi hakukijua hata alipokuwa na macho. Mimi ndiye niliyelelewa ua mmoja na kina Batul, nikaokota lugha yao, nikawa namwambia nani kasema nini. Wakati ule ilikuwa raha. Sasa kila siku baada ya laasiri ananiita, "Sihaba, washa." Nawasha. Namwambia wanachosema, na siku hizi namwambia na wanachofanya: kaingia, kakaa, kalia, mvua inanyesha. Nikiruka neno ananisahihisha. Juzi nilisema sari ni ya kijani, akaniambia ni ya manjano, na kweli ilikuwa ya manjano. Mimi mwenye macho nasahihishwa na asiyeona.

Nikitoka hapo nina chakula cha usiku, nina maji ya kuoga ya kumtengea, nina kanzu ya kupiga pasi, maana fundi cherehani hata asipoona hataki kuingia msikitini na makunyanzi. Nimechoka mwanangu, na kinachonichosha zaidi ni kwamba kila neno litakalofuata nalijua. Ile mvua ya bandia ya filamu ya pili nikiiona tena nitalia kuliko mwigizaji mwenyewe. Nilimwambia tujaribu nyingine. Akasema zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Wewe una kibanda, watu wanakuja na flashi zao unawajazia filamu za dunia nzima. Nitafutie kitu kingine, kitoke popote kinapotoka. Kiwe na Kiswahili, nami niupumzishe ulimi.

Mama yako.


Pangani,
21 Mei 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata ikinuka kumbi za nazi. Sisi hatujambo; mtoto anaota meno na nyumba nzima hailali. Mpe Baba shikamoo yake, ila usimwambie umeipata wapi.

Nilianza kuisoma nikicheka, nikaimaliza sicheki. Lakini usidhani ni Baba peke yake. Hapa kibandani nina mteja mmoja, Sharifu, mtu mzima mwenye wajukuu, kila wiki anachukua filamu ya mapigano ileile na anajua ngumi zote kwa zamu. Vijana nao nimewawekea michezo mipya kwenye ile mashine ya michezo, ya mbio za magari, ya kujenga miji, wananiuliza mpira uko wapi. Mtu akishapenda kitu anakifanya nyumba, na nyumba hahami.

Nakutumia flashi. Humo kuna tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, ya familia yenye kampuni ya meli. Kuna ya Kikorea, na za Kinaijeria chache. Anza na hiyo ya Kituruki. Baba akae asikilize mwenyewe, wewe kanyooshe mgongo. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kuja kwa sasa sitaweza, kibanda hakina wa kumwachia. Nisamehe kwa hilo.

Mwanao,
Twalha.


Bagamoyo,
3 Julai 2024

Mwanangu Twalha,

Marahaba. Jino la mjukuu wangu limeshatoka? Mpake asali kidogo ufizini. Sisi tunamshukuru Mungu, tuko.

Umeona Idi imepita bila barua. Sikuwa na la kuandika ambalo lisingekuhuzunisha.

Hiyo tamthilia niliiwasha, nikamwekea baba yako kahawa, nikaenda zangu kulala. Sijafika mlangoni ananiita. "Mbona wamenyamaza?" Nikarudi, nikatazama. Nikamwambia wanatazamana. "Bado?" Bado. "Mpaka sasa?" Mwanangu, Waturuki hao wanaweza kutazamana mpaka wali ukaungua. Wakisema, wanaume wote wana sauti ya mtu mmoja na wanawake wote ya mwingine, na baba yako hajui nani kamjibu nani. Kila nikiinuka naitwa. Nikakaa, nikaanza kusimulia upya, tena nisichokijua.

Siku ya tatu nilimfokea. Nilimwambia wenzake wasioona wanasikiliza redio na wanatosheka. Sikupaswa kusema vile. Akanijibu taratibu, akasema, "Zile za zamani naziona, Sihaba. Nilizitazama kwa macho yangu mwenyewe. Hii ukiiwasha, napofuka upya."

Hatukusemeshana mpaka Idi, na Idi yenyewe tuliila kimyakimya. Nilikuwa nafikiria neno lake na huku nimechoka vilevile, maana kumwelewa mtu hakukupunguzii kazi. Tukarudi kwenye filamu nne.

Sasa sikia. Wiki iliyopita nikaiwasha ile ya Kituruki kwa ukaidi tu. Akaanza, huyu nani, yukoje, nami sikuwa na nguvu ya kueleza pua na ndevu. Nikamwambia, "Huyu mwenye meli mfikirie Abdulazizi wa duka la vipuri." Akageuza shingo. Akauliza, Abdulazizi kabla hajanenepa au baada? Nikasema baada. Akasema, "Bega lake la kushoto liko chini. Suti ya harusi yake nilitia pamba." Nikatazama televisheni, na wallahi yule Mturuki kasimama kiupandeupande.

Basi tukaendelea hivyo. Binti ni Batul alipokuwa msichana. Wakili ni yule mpima ardhi wa Zinga aliyekuwa akishonewa suruali zenye mifuko minne. Baba yako anawakumbuka watu wote aliowahi kuwapima nguo, kifua, kiuno, na mwendo. Aliniuliza kama kesho tutaendelea. Tangu macho yazime hajawahi kuniuliza habari ya kesho.

Mama yako.


Pangani,
12 Julai 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, jino limetoka na asali imesaidia.

Barua yako nimemsomea Wahida tukiwa tunakula, akaacha kula. Mama, umefanya jambo ambalo mimi na kibanda changu chote nisingeliwaza. Nimefurahi mpaka nimeandika upesi ili Muzammil asiondoke bila jibu. Nakutumia msimu wa pili na wa tatu wa hiyohiyo, na nyingine ya Kihindi mpya, na moja ya Kijapani ya wapishi.

Sasa ninyi endeleeni. Nakuona umeshatua mzigo.

Mwanao,
Twalha.


Bagamoyo,
30 Agosti 2024

Mwanangu Twalha,

Assalaam alaykum. Mko salama? Huku salama, na kelele tele.

Yamenikuta. Katika msimu wa pili anaingia ami wa yule binti, mtu mrefu, mwembamba, anayekohoa kidogo kabla ya kusema uongo. Nikatafuta haraka mrefu mwembamba anayekohoa, nikamwambia baba yako amfikirie Msabaha. Sikuwaza. Siku ile ilikuwa ya kufua na akili yangu ilikuwa kwenye ndoo.

Unajua kwamba Msabaha ndiye anayemshika mkono baba yako kwenda msikitini, asubuhi na jioni, tangu macho yapotee. Basi yule ami akaghushi wosia, akamtia ndugu yake jela. Kesho yake alfajiri Msabaha kaja kama kawaida, baba yako kamwambia atakwenda mwenyewe. Nikadhani anataka kujaribu fimbo. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu kaanguka kwenye mtaro akachubuka goti, na bado mkono wa Msabaha hakuutaka.

Nikamuuliza, una nini na mwenzio? Akasema anajua si yeye, hana wazimu, lakini kila akimkaribia anamwona na ule wosia mkononi. Anamwona, Twalha. Nikacheka, kisha nikaona haya.

Msabaha mwenyewe akaja kuuliza kosa lake. Ilibidi nimweleze. Nilidhani atachukia. Akakohoa, akaniuliza mwisho wake unakuwaje. Nikamwambia bado hatujafika. Akasema basi atakuja kuona, maana hawezi kuhukumiwa bila kuwepo. Sasa kila laasiri yuko sebuleni kwetu. Baba yako kamshika mkono tena, na njiani wanagombana kuhusu wosia. Abdulazizi kasikia kwamba ana meli, naye kaja. Batul anakuja na khanga kajifunika uso anacheka, anataka kujua ataolewa na nani.

Hivyo ndivyo ilivyo. Filamu nne zimelala kabatini, na nyumba imejaa watu. Nasimulia kwa sauti kubwa ili wote wasikie, namimina chai, narudi nasimulia. Anayekosa kipande ananiomba nirudie.

Mama yako.


Pangani,
6 Septemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hapa kwetu tuko salama.

Msabaha ametuvunja mbavu. Nimewasimulia wateja, na sasa Sharifu wa mapigano kachukua tamthilia ya Kituruki kwa mara ya kwanza, eti amtafute jirani yake mle ndani. Naona hata mtu mzima huhama nyumba, akipata wa kuhama naye.

Nakutumia nyingine nyingi, flashi mbili zimejaa. Nina furaha kwamba sasa unapumzika na watu wa kuzungumza nao.

Mwanao,
Twalha.


Pangani,
28 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. Hali zenu? Barua haijaja, na Muzammil kasema alipita mara mbili ukamwambia hujaandika. Nikipiga simu anapokea Baba. Ananiambia umelala. Mara ya mwisho ilikuwa saa kumi jioni. Wewe saa kumi jioni hujawahi kulala tangu nikujue.

Nimeirudia barua yako ya Agosti. Mara ya kwanza niliisoma kwa ajili ya Msabaha. Safari hii nimeona ile chai. Mama, nilikuwa nakutumia kazi nikidhani nakutumia mapumziko.

Niandikie hata mstari mmoja. Ukisema nije, nitafunga kibanda nije.

Mwanao,
Twalha.


Bagamoyo,
19 Novemba 2024

Mwanangu Twalha,

Marahaba. Usifunge kibanda. Niko mzima sasa, na wewe Mungu akuweke, na Wahida, na mwenye meno.

Nilipata kizunguzungu nikiwa namimina chai, nikakaa chini palepale na birika mkononi. Daktari kasema ni presha na uchovu, akanipa dawa, akaniambia nilale. Nikalala. Baba yako alikuwa anasema kweli kwenye simu. Siku hizo Msabaha alijaribu kusimulia mahali pangu, lakini alikuwa anasimulia sehemu zake tu, na kila mara anajitetea. Wageni wakapungua wenyewe. Batul ndiye aliyekuwa akituletea chakula.

Nilipopata nguvu tukaanza tena, kidogokidogo. Jumapili iliyopita ikaja mvua kubwa na hakuna mgeni aliyethubutu kutoka. Tulikuwa wawili tu. Nikaanza: Abdulazizi kaingia ofisini, Msabaha kamfuata, wanatazamana. Baba yako akainua mkono ninyamaze.

"Mtaa mzima umo humu," akasema. "Wewe uko wapi?"

Sikuwa nimejiweka popote. Haikunijia hata siku moja. Nilitaka kumwambia filamu hizi hazina nafasi ya mtu kama mimi, lakini palepale akapita mtumishi wa nyumba ile, mwanamke wa makamo na sinia la vikombe. Anapita karibu kila sehemu na hajapewa neno la kusema. Nikamwambia, "Mimi ndiye huyu anayepita na chai."

Akauliza kavaa nini. Gauni la bluu, nikamwambia, linampwaya kifuani. Akauliza kaenda wapi. Nikasema kaenda jikoni, lakini filamu haiendi huko, imebaki sebuleni na wenye nyumba.

"Waache hao," akasema. "Mfuate huyo."

Sasa ningemfuata vipi, mwanangu, na televisheni haimwonyeshi? Nikafumba macho. Nikamwambia jikoni kuna joto na dirisha ni dogo. Anaosha vikombe, na kabla hajamaliza wanaitisha vingine. Chakula cha usiku hajakianza. Miguu inamuuma na hajui amwambie nani, kwa sababu nyumba nzima inamjua kwa sinia lake. Anawapenda, nikamwambia, si kwamba hawapendi. Lakini amechoka tangu sehemu ya kwanza.

Baba yako akaniuliza, "Kuna kiti huko jikoni?"

Nikasema kipo.

"Basi mkalishe."

Nikamkalisha. Baba yako akapapasa rimoti mezani, akaizima televisheni mwenyewe. Tukasikiliza mvua mpaka adhana ya magharibi. Sikusema neno, na yeye hakuniuliza kinachoendelea.

Mama yako.