Moto wa Kuomba

Jumatatu, 3 Machi
Zamu yangu tena bani, kwenye banda la kukaushia tumbaku. Baba aliwasha moto juzi, majani ya tumbaku ndiyo kwanza yanageuka njano. Nachochea kuni, nakaa kwenye gogo, nasoma riwaya ya Kiingereza. Humo watoto wa shule wamekwama ng'ambo ya mto, mafuriko yamebeba daraja. Wana moto mmoja tu. Msichana mkubwa ndiye anaulinda.

Darasani kundi letu limepewa kueleza nafasi ya moto katika riwaya hiyo. Kiongozi wetu Neema kasema atakayesimama mbele Ijumaa ni mimi. Darasa zima likacheka. Niko kidato cha tatu na sijawahi kuongea mbele za watu. Nyumbani Kirundi, shuleni Kiingereza, na kote nanyamaza.

Natamani niumwe.

Jumanne, 4 Machi
Mvua kutwa. Neema alikuja na majibu ya kaka yake aliyeko chuo. Moto ni matumaini, ni mamlaka, ni uharibifu. Tukanakili.

Mimi kilichonikaa akilini ni pale msichana mkubwa anapowanyima moto wale wadogo kwa sababu hawakumtii. Wanakula samaki mbichi. Nilifunga kitabu kwa hasira. Kwetu unaweza kugombana na mtu miaka, akija kuomba kaa la moto unampa. Bibi anasema walipofika hapa Katumba kutoka Burundi lilikuwa pori tupu, moto ulihama kibanda hadi kibanda.

Nilitaka kuliambia kundi. Nikanywa maji, nikaondoka. Najichukia nikiwa hivi.

Jumatano, 5 Machi
Mikono inanuka moshi.

Nilirudi kutoka shule nikamkuta mama anachota maji ndani ya jiko la bani kwa sufuria. Mfereji uliziba, maji ya mvua yakaingia, moto ukazimika. Kuni zote zimelowa. Baba yuko Mpanda mjini. Majani yakipoa kabla hayajakauka yanakuwa meusi, hakuna mnunuzi. Mwaka wetu mzima umo mle ndani.

Jirani pekee mwenye bani linalowaka ni Mama Yona. Yeye na mama hawasalimiani tangu mbuzi wa huyo jirani wamalize kitalu chetu cha miche.

"Nenda wewe," mama akasema. Hakunitazama.

Nikaenda. Nikasimama kama nguzo. Mama Yona akanitazama weee.

"Umetumwa kuhesabu mbuzi?"

"Mama anaomba moto."

Aliinuka papo hapo. Alivuta magogo yanayowaka kwa koleo, akayaweka juu ya bati, tukalishika yeye huku mimi huku. Yona alifuata na kuni kavu kwenye baiskeli. Kufika, hakumsalimia mama. Akachungulia jiko.

"Nyie mnakausha tumbaku au mnafuga vyura?"

Mama akageuka pembeni. Niliona mabega yake yanacheka.

Moto ulishika kabla ya giza. Mungu amlipe yule mama.

Alhamisi, 6 Machi
Majani mazima. Machache ya chini yana madoa, basi. Nashukuru. Nashukuru sana.

Kesho ndiyo siku ya kusimama mbele.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeongea.

Nilianza na majibu ya Neema. Sauti haikufika dawati la pili. "Paza sauti, hatupo msibani," mtu wa nyuma akasema. Nikaweka karatasi chini. Nikasema moto wa msichana yule haukuunguza kitu, ubaya ulianza aliponyima. Nikaeleza kwetu ilivyo. Neno kaa la moto lilinishinda kwa Kiingereza, nikalisema kwa Kiswahili nikaendelea. Wenzangu wa Katumba wakaitikia kwa vichwa.

Mwalimu akauliza kwa nini alinyima. Nikasema aliogopa. Akiwagawia wote, nani atamhitaji tena?

Akaandika ubaoni maneno yangu. Yangu.

Nilipoketi Neema akanibana mkono. Nilimshukuru kwa kunichagua, lakini kimoyomoyo. Nikimaliza kuandika haya nitamfuata nimshukuru kwa mdomo.

Jumamosi, 8 Machi
Jua. Bani linaenda vizuri. Baba amerudi, ameleta kuni kavu za kutosha.

Mama na Mama Yona bado hawasalimiani. Ila mama amefunga mzigo wa kuni, kanitwisha nimpelekee.

"Ukifika usikae kuongea," akaniambia.

Mimi. Hakuna aliyewahi kunionya hivyo maishani.