Karatasi Aliyoiinua Malachy Tuohy

Kilbrack,
Wiki ya pili baada ya fainali

Mpwa wangu Assumpta,

Salamu tele kama mvua ya huku. Natumaini huko Coventry u mzima na kile kikohozi kimekuacha. Sisi hatujambo, mama yako goti tu, nami kama unijuavyo, mafahali wawili hawaniwezi.

Tulitwaa kombe la mpira wa magongo la kaunti! Miaka arobaini na mmoja tulilikosa. Nilishangilia hadi ng'ombe wa Hanley, maili tatu kutoka uwanjani, wakakata maziwa siku mbili. Muulize yeyote.

Ballyfane, tuliowashinda fainali, kwa uchungu wa kipigo wakakata rufaa kwa Malachy Tuohy, katibu wa chama cha kaunti, mzaliwa wa hapa hapa. Unamjua kwa sura, hujui ukubwa wake. Alianza kwa kushona nyavu za magoli. Huu ni mwaka wake wa thelathini wa ukatibu. Aliwahi kuahirisha fainali jua likiwaka, watu wakamcheka. Saa tisa uwanja ukawa ziwa! Na mwezi ujao Dublin walikuwa wamchague rais wa chama cha Ireland nzima. Mtu wa Kilbrack!

Basi siku ya kusikilizwa rufaa ukumbi wa hoteli ukajaa pomoni. Ballyfane wakadai orodha ya wachezaji wetu haikuandikwa kwenye karatasi iliyotengenezwa Ireland, kama kanuni ya chama inavyotaka. Tukawazomea: "Magongo yamewashinda, sasa mnacheza na karatasi!" Malachy akaiinua dirishani, atafute ile chapa ya kiwanda inayoonekana kwenye mwanga tu. Hamna kitu. Ukimya ulioingia, niliisikia saa yangu ikigonga, nayo imekufa tangu Krismasi.

Akatamka kombe liende Ballyfane. Nahodha wetu Dinny Scallan akafoka: "Malachy, mama yako kazikwa Kilbrack, usisahau!" Akamjibu taratibu, "Sijasahau, Dinny. Nami nitalazwa papo hapo. Kombe ni la Ballyfane."

Ballyfane wakataka aliyeandika orodha atajwe, afungiwe. Malachy akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akaikunja. Akasema kukagua orodha kabla ya mechi ni kazi ya katibu, naye hakuikagua. Kosa ni lake, na jina lake huko Dublin waliondoe.

Assumpta, mwandiko wangu anaujua. Tulikaa dawati moja hadi darasa la tatu, nilipoiacha shule. Orodha niliiandika mimi, garini, juu ya paja, kwenye zile karatasi nzuri za Uingereza ulizonitumia Pasaka. Nilitaka ipendeze. Nami, nisiyejua kunyamaza, siku ile nikanyamaza.

Wewe usijilaumu. Kesho kikao kinaketi tena kabla barua ya kujitoa kwake haijapelekwa Dublin. Nitasimama mbele yao niseme. Wakinifungia maisha, na iwe. Miaka yote nimewabunia watu hapa mashujaa. Mkubwa kama huyu sikuwahi kuthubutu kumbuni.

Mama yako anakubusu, anakusihi uvae sufu. Mungu akutunze.

Mjomba wako,
Batty Gilhooly