Fainali ya Jumamosi

Mwihoko,
Alhamisi asubuhi.

Kwako dada Ngendo,

Hapa tu salama, na yule kuku mweupe ameangua. Kwa kuwa hushiki simu, barua hii nampa Auma. Anarudi chuoni leo.

Auma alikuja na Umoja wa Wakristo wa chuo chenu, wanaohubiri kanisani kwetu wiki hii. Mama aliomba alale kwetu kwa ajili yako. Jana mezani akamwuliza, "Ngendo wangu bado anaimba kwenye kwaya yenu?" kisha akaenda jikoni kuleta chapati.

Auma akacheka. "Ngendo wa raga? Huyo kwaya hata haijui! Jumamosi wana fainali."

Nilimkanyaga mguu, lakini Mama alikuwa mlangoni. "Fainali ya nini?"

"Ya kwaya," nikasema upesi.

"Bwana asifiwe! Basi sikosi."

Ameshaomba ruhusa kiwandani, na ameazima kofia ya Mama Mitchell.

Dada, yeye ndiye aliyekulisha kwa kijiko bega lako lilipovunjika, na ndiye uliyemwapia kwamba hutacheza tena. Asikukute uwanjani kabla hujamwambia. Tafadhali mpigie leo akitoka kazini. Na mimi nitamwambia kwamba nilimdanganya.

Najua atafoka. Akishanyamaza, nitamwomba twende tu. Auma anasema ukishika mpira watu husimama. Natamani sana Mama naye asimame.

Mdogo wako,
Waruguru