Kaseti Ulizozifuta Mwenyewe

Papa,

Nimekukasirikia. Najua barua kama hii huanza kwa kusema nimekukumbuka, na kweli nimekukumbuka, lakini hasira imefika kwanza na sitaki kuificha. Imepita miezi minane tangu tukuzike. Nyumba uliyokuwa umepanga Berchem tumemrudishia mwenyewe. Gitaa lako la besi liko kwangu Schaerbeek, nyuma ya kabati, na kaseti zako saba ziko hapa mezani. Nimezisikiliza zote.

Nikueleze kwa nini. Mwezi uliopita alinipigia simu mwanamke mmoja Mbelgiji anayetayarisha maonyesho kuhusu muziki wa funk, ilikotoka na ilivyoenea. Alikuwa amesikia kwamba miaka ya sabini Lubumbashi kulikuwa na okestra ya funk, na kwamba mpiga besi wake aliishi hapa Brussels. Nilipomwendea akanionyesha maandishi ya ukutani. Wamarekani wamepewa kuta tatu. Sisi tumepewa mstari mmoja: baadaye Waafrika nao waliiga. Nikamwambia baba yangu hakuiga mtu. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba nikimletea sauti, atabadilisha maandishi.

Nikamwahidi. Nilikuwa na hakika, kwa sababu nilizikumbuka zile kaseti ulizotoka nazo Lubumbashi umezifunga ndani ya soksi, mlizorekodi kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa mgodi. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili uliniwekea moja jikoni, ukanishika mkono ukaugongesha mezani, ukaniita maman kama ulivyozoea kuniita mimi mwanao, ukaniambia nisikilize. "Maman, écoute. Mu funk kila kintu ni ngoma. Gitaa ni ngoma, trompette ni ngoma. Ile ya kwanza njo iko na uzito. Ukikosa ya kwanza, bon, umekosa yote." Ukanieleza kwamba Wamarekani weusi waliichota kanisani, kwenye makofi na miguu ya mama zao, wakaichanganya na soul na jazz, kisha wakaweka uzito wote kwenye pigo la kwanza. Santuri zao ziliwafikia ninyi Lubumbashi kwa malori kutoka Zambia, mkaona pigo lile mnalijua tangu utoto, mmelicheza kwenye matanga na harusi za kwenu. Siku hiyo ulinifundisha mstari mmoja wa besi hadi vidole vikachubuka.

Basi nikaweka kaseti ya kwanza. Mahubiri. Ya pili, mahubiri. Ya tatu, kwaya na matangazo ya Jumapili, na hivyo hivyo hadi ya sita. Vishimo vya juu umeviziba kwa utepe wa gundi, kwa unadhifu wako ule ule, ili mashine ikubali kurekodi juu ya muziki wenu. Mwaka ulipookoka uliniambia, "Ile ilikuwaka mambo ya dunia, maman. Nilisha kuacha yote." Nilidhani umeacha kupiga. Sikujua kwamba ulikaa ukafuta, kaseti baada ya kaseti, wakati kaseti tupu zilikuwa zikiuzwa kila duka la mtaani.

Nilitaka awepo mtu mwingine wa kulaumu. Nilimwendea pasta wa kanisa lako nikiwa nimejiandaa kugombana, naye akashangaa kuliko mimi. Hakuwahi kukuomba jambo hilo. Hakuna Mbelgiji aliyekufuta, Papa. Ni wewe. Tena uliifuta funk kwa ajili ya kanisa, ilhali ulinifundisha kwa kinywa chako kwamba imetoka kanisani.

Ya saba ni ushuhuda wako. Unasimama mbele ya waumini unasema ulikuwa mtumwa wa besi, kwamba vidole vyako vilimtumikia shetani. Nililia kwa hasira. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe, nikufute kama ulivyowafuta wenzako wanne wa okestra. Kisha nikakumbuka kwamba sina sauti yako nyingine yoyote. Nikairudisha mwanzo, nikaisikiliza tena, na tena. Mara ya tatu nikasikia kitu chini ya maneno.

Kiatu chako. Unagonga sakafu ya mbao. Unagonga, unangoja, unasema, unagonga. Kila sentensi inaingia mahali pake. Unaikana funk huku mguu wako unaipiga, na ushuhuda mzima hukukosa ya kwanza hata mara moja.

Usifikiri mguu umekuokoa. Wale wanne wamekufa pia, sauti zao hazirudi, na hilo sitalisamehe upesi.

Lakini kesho natoa besi nyuma ya kabati. Nitapiga ule mstari wa jikoni juu ya mguu wako, chini ya ushuhuda wako, bila kukata neno hata moja, nirekodi, nimpelekee yule mwanamke wa maonyesho. Jina lako na majina yao manne yataandikwa ukutani, na nitasimama pale mpaka yaandikwe. Nakuahidi.

Pumzika, Papa. Utanikasirikia, najua. Kasirika tu. Safari hii huwezi kufuta.

Binti yako,
Clémence