Blanketi Lako Liko Ukutani

Ha Rasebo,
Mokhotlong,
12 Julai 1996

Mpendwa mwanangu Limpho,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe? Mjukuu wangu Katleho hajambo? Kile kikohozi chake kimepona? Usimwogeshe asubuhi, hata kama huko Durban kuna joto. Sisi wazima, ila baridi tu. Maji kwenye ndoo yanaganda, na milima ya juu imeshakuwa myeupe.

Sasa mwanangu, usinikasirikie. Uliniambia nyumba yako tusubiri mpaka Septemba, baridi iishe. Sikusubiri. Chifu alisema msimu wa kulima ukifika kiwanja hakina kuta, anawapa wengine. Na Ntate Lebusa mwashi mvua zikianza humpati, yuko shambani kwake. Tena sikusahau ulivyosema, kwamba hurudi tena kulala jikoni kwa wifi yako, utarudi siku ukiwa na mlango wako. Basi ningekaaje?

Mawe yalikuwepo tayari. Maji ya kuchanganyia saruji tunayapasha kwa moto wa samadi kavu, na jioni tunafunika ukuta kwa majani makavu, jalidi, ile barafu ya usiku, isiiume saruji kabla haijashika. Kazi ilikwenda vizuri hadi madirishani. Halafu asubuhi moja Ntate Lebusa akaniita kwa sauti.

"Mama Limpho, njoo uone! Ng'ombe wako wamekula nyumba!"

Kweli, mwanangu. Unajua wakati huu malisho yameisha. Yule mwekundu, unamjua kwa tamaa, alivunja zizi akaja na mwenzake wakala majani yote ukutani. Saruji ya juu ilikuwa nyeupe. Ukiishika inamwagika kama unga. Ntate Lebusa akabomoa mawe ya juu yote, mimi nikakaa chini nikalia. Shangazi yako 'Mapalesa yeye anacheka tu.

"Wakamue haraka, wifi, leo watatoa chokaa!"

Ntate Lebusa akasema, "Nileteeni kitu ambacho ng'ombe hawali."

Nikaingia ndani nikatoa mablanketi yote, na lile langu la harusi. Shangazi yako akatoa lake huku ananung'unika kwamba ukuta unalala vizuri kuliko watu. Sasa tunalala naye kitanda kimoja, na anakoroma, Mungu anisaidie. Jioni moja upande wa kusini ukabaki wazi. Ntate Lebusa akavua blanketi lake mwenyewe mabegani, akafunika, akaenda kwake anatetemeka. Nilimwandalia uji moto wa mtama asubuhi, akanywa, akarudi ukutani.

Jana alikwaruza saruji kwa msumari. Haikuachia hata chembe. Akasema, "Hii imeshika, mama. Hata ng'ombe wako wataumia meno." Nikalia tena, lakini kilio cha jana ni kingine.

Halafu chifu akapita na farasi wake, akasimama, anatazama kuta zimevaa mablanketi.

"Nani huyu amelala hapa mpaka saa hizi?"

"Limpho, chifu," akajibu Ntate Lebusa. "Msimwamshe, amechoka na safari."

Chifu akacheka mpaka farasi akashtuka. Akasema basi, kiwanja ni cha huyo aliyelala. Mlango haujawekwa, lakini mahali pake papo, panatazama jua linapotoka, kama ulivyotaka.

Shangazi yako anakusalimu. Kaka yako na mkewe wanakusalimu, na huyo wifi yako amesaidia kuchota maji, nimeona nikwambie. Ntate Lebusa pia anakusalimu. Nibusie Katleho. Mungu awalinde huko mliko, na awafikishe salama nyumbani.

Jambo moja nusura nilisahau. Blanketi lako ulilokunja ukaliacha sandukuni, nalo nimelitoa. Liko pale mlangoni. Limeingia saruji kwenye pindo, nimesugua haitoki. Nimeliacha hivyo hivyo. Uje ulifue mwenyewe.

Ni mimi mama yako, nikupendaye mvua na jua,
'Malimpho