Mtani Kanifunika Koti Kwenye Kona

Dada Siwema,

Shikamoo dada yangu. Hapa Morogoro mimi mzima, nakula nashiba, ila rohoni pana mwiba. Mama macho vipi? Bado anamkaribisha mbuzi akidhani mgeni? Mpe pole, halafu umwambie taratibu asifunge mzigo kwanza. Kile chumba nilichosema atafikia akija kutibiwa, nimekikosa. Kaa chini nikusimulie, maana ukisikia kwa watu watasema nililewa.

Siku hizi biashara imeachiwa huru, kila kitu kinaingia. Bwana Karimu, yule Mhindi wa duka la redio, kaleta kutoka Dubai gemu ya magari. Siyo ile ya kubonyeza vidole. Hii ina kiti, ina usukani, ina pedeli, na televisheni mbele yako. Unaendesha kweli mpaka jasho linakutoka, ila huendi popote, kama mjumbe wetu wa mtaa.

Wenzangu wakikaa wanachagua magari mekundu ya Ulaya, wanaishia ukutani. Mimi nilichagua kigari cheupe cha Kijapani, cha zamani, milango miwili, taa zake zinalala ndani ya boneti, ukiwasha zinainuka kama macho ya chura. Barabara yenyewe ya mlimani, kona kama za kupanda Mgeta. Siri ni hii: makalio ya gari yakianza kuteleza usikanyage breki. Unageuza usukani kule kule yanakokwenda, mguu wa mafuta unaubembeleza, kigari kinapita ubavu ubavu kama kaa. Dada, mimi hata toroli linanishinda, lakini pale watu walikuwa wanaacha kununua betri waje kunitazama.

Basi Karimu akatangaza shindano la Jumamosi. Kila mtu mbio moja. Atakayefika juu kwa muda mfupi kuliko wote anakabidhiwa mashine aisimamie, na chumba cha nyuma ya duka akae.

Sasa Mloka. Ni yule Mluguru wa Matombo niliyekuwa napanga naye mitumba turubai moja. Mtani wangu kabisa. Si unajua Mnyamwezi na Mluguru: akinikuta nakula anachukua nyama, nikimkuta na kofia navaa mimi, na hakuna kununa. Kile kigari nilimfundisha mwenyewe, nimemshika mkono juu ya usukani. Hata habari ya mama nilimwambia. Akasema, "Akija mimi ndiyo nitampokea stendi, nimwambie amezaa mpagazi mvivu."

Jumamosi nikakaa. Nimepita kona zote, imebaki moja. Mara giza! Mloka kanifunika koti zito la baridi, la kwenye robota letu la mitumba. "Pokea mzigo, mpagazi!" Watu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nalitoa kichwani, kigari kiko bondeni, magurudumu juu.

Karimu hakucheka. "Maganga, huyu kakuharibia. Nikurudishie zamu?"

Dada, wote wananiangalia. Mnyamwezi anune mbele ya mtani? Nikasema, "Aa, bosi, mtani wangu huyo, ana haki yake." Nikacheka. Nilijua Mloka mwenyewe atasema mrudishie; maneno yale yalikuwa utani tu. Nimeinuka tu, nageuka, nakuta ameshakaa kwenye kiti. Akachagua kigari kile kile cheupe. Ile kona ya mwisho akaipita ubavu ubavu, kama nilivyomfundisha, mashine na chumba akavichukua yeye.

Hata hapo nilijiambia, kanipiga bao, zamu yangu itafika. Wiki iliyofuata nikapita dukani, nikamkuta na chapati, nikakata kipande kama siku zote.

"Weka chini," akasema.

"We Mluguru, unaninyima chapati?"

"Maganga, hapa kazini. Mambo ya utani yaishie sokoni. Kama unataka kucheza, foleni ile pale."

Mbele ya wateja! Nikamtazama usoni nione kama anacheka. Hacheki. Ndipo nikajua lile koti halikuwa utani. Utani ni kuchukua na kuchukuliwa. Yeye aliuazima tu jina, apate kuniibia nikiwa nacheka.

Turubai langu nimelihamishia upande wa pili. Nauza vizuri tu, jana mwalimu mmoja wa kiume kanunua koti la kike, nimemwambia Ulaya mabosi wote wanavaa hivyo.

Juzi kaja mzee kutoka Matombo. Mjomba wa Mloka kafariki, yule aliyemlea. Wanataka mtani apande huko, awachekeshe wafiwa, azuie jeneza mpaka alipwe faini, kama inavyotakiwa. Na Mloka mwenyewe ndiye kasema niitwe mimi. Dada, sijawahi kukataa msiba wa mtani. Nikasema, "Wapeni pole. Siji." Mzee akaangua kicheko, akadhani ndiyo nimeshaanza kazi. Akangoja niendelee. Mimi nikaendelea kukunja mashati. Kicheko kikamwishia, akachukua fimbo yake akaondoka.

Nisalimie shemeji fundi baiskeli, na shangazi muuza asali, mwambie meno yangu bado yote. Mama usimsomee hapa mwisho. Mwambie natafuta chumba kingine. Akikuuliza kama bado nacheka, sema ndiyo.

Mimi mdogo wako,
Maganga